Kabla hujachagua chuo cha udaktari, hesabu vitanda

Matokeo ya mitihani yakitoka tu, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni mabinti waliomaliza shule, na mara nyingi zaidi mama zao, na swali ni moja: "Daktari, chuo kipi ni kizuri?" Zamani nilikuwa nataja jina la chuo, nakata simu, naendelea na kazi. Siku hizi sitaji jina. Nawauliza kama wana daftari karibu, kisha nawaambia wakaulize nini na wamwulize nani.

Nilisoma chuo cha wasichana watupu. Nimekaa bweni miaka yote, biokemia nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, nikairudia, na sasa nasimamia wanafunzi wodini. Niliyoyaona nikiwa mwanafunzi na ninayoyaona leo nikiwa msimamizi ndiyo haya.

Vioo na nailoni

Mimi mwenyewe nusura nipotee. Nilikuwa na barua mbili za kukubaliwa, na baba akasema twende tukavione vyuo vyote viwili kwa macho, siku ya kazi, si siku ya maonyesho. Ushauri huo peke yake unatosha kumwokoa mtu. Siku ya maonyesho kila chuo kimepaka rangi.

Chuo cha kwanza kilinimaliza langoni. Vioo tangu chini hadi ghorofa ya mwisho, bustani imekatwa sawasawa, na mwenyeji wetu amevaa tai. Akatuingiza kwenye maabara ya mafunzo ya vitendo, midoli imelazwa safu nzima: wa kuzalishia, wa kutobolea mishipa, wa kufufulia moyo. Nikamgusa mmoja begani, mkono ukateleza. Alikuwa bado ndani ya nailoni ya kiwandani, utepe haujabanduliwa. Sikusema kitu, ila nililibeba moyoni.

Nje nikamkuta dada wa mwaka wa nne anaanika koti lake. Nikamwuliza, "Dada, umeshazalisha akina mama wangapi?" Akacheka, akalibana koti kwenye kamba, akasema, "Kuzalisha? Sisi tumeona video."

Chuo cha pili kilikuwa cha wasichana. Kuta zimebanduka rangi, ngazi zimelika katikati kwa miguu ya watu. Lakini ng'ambo ya barabara kulikuwa na hospitali iliyojaa pomoni, na wasichana wenye makoti walikuwa wanakatiza huku na huku na vichupa vya damu mikononi. Nikamsimamisha mmoja, nikamwuliza swali lile lile. Akaniuliza, "Wiki hii, au tangu nianze?"

Baba hakungoja nimwambie nimechagua kipi.

Namna ya kuhesabu

Udaktari haufundishwi na jengo, unafundishwa na mgonjwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa chuo chochote ni hili: hospitali yenu ya kufundishia ni ipi, ina vitanda vingapi, na wanafunzi wangapi wanavigombania? Piga hesabu yako mwenyewe. Chuo kinachopokea wanafunzi 100 kila mwaka, kikiwa na miaka mitatu ya mafunzo ya wodini, kina wanafunzi 300 wanaotafuta wagonjwa. Vitanda vikiwa 150, na theluthi yake vitupu, mnagawana mgonjwa mmoja watu watatu. Halafu uliza kama kuna chuo kingine kinachotumia hospitali hiyo hiyo, maana hilo huwa halitajwi mpaka uulize.

Kisha nenda wodini asubuhi, wakati wa raundi, daktari anapozungukia wagonjwa, usimame mlangoni uangalie. Hesabu wanafunzi waliozunguka kitanda kimoja. Wakiwa sita, kila mmoja atapata zamu ya kuweka mkono juu ya tumbo la mgonjwa na kulisikia ini. Wakiwa ishirini, wa mbele watano wanajifunza udaktari na waliobaki wanajifunza migongo ya wenzao. Siku hizi najua mwanafunzi aliyetoka kwenye umati wa namna hiyo hata kabla hajajitambulisha: ukimwambia apime mgonjwa, anatazama nyuma kwanza aone kama kuna mwenzake wa kumtangulia.

Uliza pia wodi zenyewe. Iwepo ya tiba ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, dharura, na magonjwa ya akili. Kama hospitali si mali ya chuo, uliza kama kuna mkataba wa maandishi na unaisha lini. Na uliza mwanafunzi anaanza kugusa mgonjwa mwaka gani. Vipo vinavyokuweka darasani miaka miwili kamili, na vipo vinavyokupeleka wodini tangu muhula wa kwanza, japo kwa kukaa tu na mgonjwa na kumsikiliza. Mimi napenda vya namna ya pili. Anayeanza kusikiliza mapema hujua kwa nini anakariri anachokikariri.

Jambo hili la hospitali si geni. Oktoba 1874, Sophia Jex-Blake, Mwingereza aliyepigania wanawake wasome udaktari, na wenzake walipofungua London School of Medicine for Women, chuo cha udaktari cha wanawake, walianza na wanafunzi 14. Walimu walipatikana na vyumba vya kusomea vilipatikana. Hospitali ndiyo haikupatikana: kila waliyobisha hodi iliwafungia mlango, na chuo kikakaa karibu miaka mitatu hakina wodi ya kupeleka wanafunzi, mpaka hospitali ya Royal Free ilipowakubali mwaka 1877. Na hata mtu angemaliza masomo, hakuna chombo cha kumtahini na kumwandikisha kuwa daktari kilichotaka kumpokea. Ilibidi ipite sheria ya mwaka 1876 ya kuviruhusu vyombo hivyo kuwapokea wanawake, kisha chuo cha madaktari cha Ireland kikubali kuwatahini. Yaani wale wanawake walikuwa na chuo bila wagonjwa na elimu bila cheti. Mpaka leo mashimo ni hayo hayo mawili, na wasichana wanaendelea kutumbukia.

Shimo la pili: cheti

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, maana nimeona machozi ya watu wazima.

Usimwulize wakala anayetafutia watu vyuo, wala ofisi ya udahili. Liulize baraza la madaktari la nchi unayokusudia kufanya kazi, na uulize kabla hujalipa hata senti. Baraza la nchi kilipo chuo linaweza kukitambua, na la nchi yako likakikataa. Uliza mambo matatu: chuo hiki kwa jina hili kamili kinatambuliwa? Ithibati yake, yaani idhini rasmi kwamba mafunzo yake yamefikia viwango, inaanza lini na inaisha lini? Mhitimu wake akirudi atafanya mtihani gani kabla ya kupewa leseni? Omba jibu kwa maandishi.

Jina kamili nalikazia, kwa sababu vipo vyuo viwili vyenye majina yanayokaribiana kama mapacha, kimoja kina ithibati, kingine kina tangazo tu.

Kuna Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Tiba kwenye intaneti, bure, inayosimamiwa kwa pamoja na Shirikisho la Dunia la Elimu ya Tiba, yaani WFME, na taasisi ya FAIMER ya Marekani. Kitafute chuo chako humo. Kisipokuwamo, acha. Kikiwamo, usishangilie bado: kuorodheshwa maana yake ni kwamba chuo kipo, si kwamba ni kizuri wala kina ithibati. Mawakala hupenda kuwaonyesha wazazi jina la chuo kwenye orodha ile kama vile ni muhuri. Si muhuri. Na kama unawaza siku moja kwenda Marekani, jua kwamba tangu 2024 ECFMG, chombo kinachokagua madaktari waliosoma nje ya nchi hiyo, huonyesha kwenye taarifa ya mhitimu kama chuo chake kimepewa ithibati na chombo kinachotambuliwa na WFME.

Angalia na urefu wa masomo. Katika nchi nyingi ukitoka sekondari unasoma miaka mitano au sita, kisha utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Marekani na sehemu kubwa ya Kanada unatakiwa kwanza uwe na shahada nyingine, ndipo usome miaka minne. Chuo kinachokuahidi udaktari wa miaka mitatu moja kwa moja kutoka sekondari, kikimbie. Na ukienda kusoma nchi ya lugha nyingine, hata kama darasani watatumia Kiingereza, wagonjwa hawatatumia. Mgonjwa anaumwa kwa lugha yake. Usipoijua utakuwa mtalii mwenye stetoskopu.

Habari ya ada ni fupi: omba jedwali la miaka yote, si la mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza huwa chambo. Uliza kama bweni, mitihani, vitabu, koti, bima na usafiri wa kwenda hospitali za nje vimo ndani au ni juu yako, ada inatozwa kwa sarafu gani, na ukirudia mwaka unalipa kiasi gani. Swali hilo la mwisho wazazi huona haya kuliuliza, kana kwamba wanamtabiria mtoto mabaya. Ulizeni tu.

Kwa nini chuo cha wasichana, na kwa nini labda si chuo cha wasichana

Vyuo hivi vilizaliwa kwa sababu milango mingine ilifungwa. Cha Pennsylvania, Marekani, kilianza mwaka 1850, na humo ndimo alimohitimu Anandibai Joshi kutoka India mwaka 1886. Wanafunzi wa chuo hicho walipokwenda kusikiliza somo la wodini katika hospitali kubwa ya Philadelphia mwaka 1869, wanafunzi wa kiume waliwazomea na kuwarushia vikaratasi. Mwaka 1900 Yoshioka Yayoi akaanzisha cha Tokyo. Lady Hardinge cha Delhi kilifunguliwa 1916, Fatima Jinnah cha Lahore, Pakistan, 1948, na Ahfad cha Omdurman, Sudan, ambacho ni chuo kikuu cha wanawake, kikaanza kufundisha udaktari mwaka 1990. Kile cha Pennsylvania kiliwafungulia wanaume mlango karibu na mwaka 1970.

Mtu ataniambia leo milango iko wazi, vyuo hivi vya nini tena? Mwaka 2018 ilibainika kwamba chuo kimoja cha udaktari huko Tokyo, cha mchanganyiko, kilikuwa kinapunguza alama za wasichana kwenye mtihani wa kuingilia ili wasizidi. Kwa hiyo mlango kuwa wazi ni jambo moja, na anayeushika ni jambo lingine.

Ila mimi sikwenda kwa sababu ya historia. Nilikwenda kwa sababu ya ile hospitali ng'ambo ya barabara. Faida ya wasichana watupu niliigundua nikiwa ndani.

Ya kwanza ni ndogo, utaicheka. Glavu. Glavu za upasuaji zina namba, na mkono wangu ni namba sita. Chumba cha upasuaji cha hospitali yetu kiliziweka sita na sita na nusu rafu ya kiunoni, na vibao vya kusimamia vilikuwa tayari kando ya meza. Nilipokwenda kwenye utarajali kwingine nikakuta zinaanzia saba na nusu. Kushona ngozi huku ncha za glavu zinaning'inia kama kofia ya kukopa ni kazi, na mtu akikuona anadhani hujui kushona.

Ya pili: hakukuwa na mvulana wa kumwachia kazi. Mfupa wa paja umevunjika, unatakiwa kuvutwa urudi mahali pake, nani atavuta? Wewe. Nani atanyanyua mgonjwa, nani atakuwa kiongozi wa kundi, nani atabishana na profesa? Wewe, wewe, wewe. Katika makundi ya mchanganyiko ninayoyasimamia sasa naliona hili kila siku: ikifika kwenye mifupa, wasichana wanarudi hatua moja nyuma na kushika daftari. Hawajatumwa na mtu. Miguu yao ndiyo imezoea.

Ya tatu ndiyo kubwa, na sijaona watu wakiizungumza. Tulijifunza kupima kwa kupimana wenyewe kwa wenyewe. Mapigo ya ncha ya moyo yanasikika nafasi ya tano kati ya mbavu upande wa kushoto, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Kwa wanawake wengi, mahali hapo pako chini ya titi. Kwa hiyo tangu mwaka wa pili tulijua namna ya kumweleza mtu unachotaka kufanya, kumwomba ruhusa, kuinua titi kwa mgongo wa mkono, kuweka stetoskopu, na kumfunika tena mara moja. Vivyo hivyo kubandika vishikizo vya kipimo cha umeme wa moyo. Kwenye mchanganyiko, kwa haya ambazo nazielewa, anayevua shati darasani huwa mvulana mmoja mwembamba, na kila mtu anajifunza moyo kwenye kifua chake. Hata midoli mingi ya kufufulia moyo ina vifua bapa. Kisha siku ya siku anakuja mama mnene mwenye maumivu ya kifua, daktari kijana anasikiliza juu ya blauzi, anaandika "sawa".

Basi sasa nigeuze upande. Tatizo letu lilikuwa kinyume chake. Mwanamume wa kwanza niliyempima alikuwa mzee aliyezibwa mkojo, na nilitakiwa kumwekea mpira wa kutolea mkojo. Nilikuwa nimekariri hatua zote. Nilipofika pale nikawa naangalia ukutani. Mzee anatoka jasho kwa maumivu, mimi natoka jasho kwa haya. Muuguzi mmoja wa kiume, mtu mzima, akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Mwambie unafanya nini kabla hujafanya. Ongea naye yeye, usiongee na ukuta." Nikaongea. Mkojo ulipotoka yule mzee alifumba macho akaniombea dua ndefu mpaka nikaona aibu ya aina nyingine.

Kwa hiyo ukichagua chuo cha wasichana, hakikisha hospitali yake ina wodi za wanaume, za tiba na za upasuaji, na kwamba wanafunzi wanapangiwa zamu huko. Baadhi ya vyuo vya namna hii vimejengwa kuzunguka hospitali za akina mama na watoto. Huko utatoka bingwa wa kuzalisha, na tezi dume utaijua kwa picha.

Na usidhani ukuta wa chuo cha wasichana unazuia kila kitu. Walimu wengine ni wanaume, na madaraka hayana jinsia. Uliza: mwanafunzi akisumbuliwa, anamlalamikia nani, na utaratibu huo umeandikwa wapi? Chuo chenye jibu kitakuonyesha karatasi. Kisicho na jibu kitakuambia, "Hapa kwetu mambo hayo hayapo."

Bweni na geti

Chumba chetu kilikuwa cha watu wanne. Watu hupenda kusema wanawake wakikaa pamoja watagombana. Tuligombana, ndiyo, na ugomvi wote ulikuwa wa aina mbili: taa na kengele ya simu. Mmoja anasomea usiku, mwingine anaamkia alfajiri, na mmoja ana kengele inayolia mara sita kabla hajaamka. Tulimaliza hivi: wiki ya kwanza ya muhula wa pili tukaandika kanuni nne kwenye karatasi, tukabandika nyuma ya mlango. Taa kubwa inazimwa saa tano, baada ya hapo kila mtu na taa yake ndogo. Kengele inalia mara moja. Mifupa ya kusomea haikai kitandani. Aliyetoka zamu ya usiku hasemeshwi mpaka aseme yeye. Tuliishi kwa amani mpaka tulipohitimu.

Lililotushinda ni geti. Bweni letu lilifungwa saa nne usiku, kwa usalama wetu, tuliambiwa. Zamu ya jioni ya wodi ya uzazi ilikuwa inaisha saa tano. Hayo yalipangwa na ofisi mbili zisizosalimiana. Mwenzangu mmoja alilala kwenye benchi la kliniki usiku mzima, koti amejifunika, kwa sababu mlinzi hakuwa na ruhusa ya kufungua. Tuliandika barua tatu. Ya tatu ndiyo iliyojibiwa, baada ya kuiambatanisha na ratiba ya zamu na ya geti kwenye ukurasa mmoja, zikitazamana. Wewe uliza mapema: zamu ya usiku ikiisha, mwanafunzi anarudije bwenini, kwa gari la nani, na mlango anafunguliwa na nani? Nenda ukaione njia yenyewe ikishaingia giza.

Uliza na habari za ndoa na ujauzito. Wapo walioolewa mwaka wa tatu, wapo waliojifungua kabla ya mtihani wa mwisho. Chuo kinaruhusu kusimamisha mwaka na kurudi? Kwa maandishi? Chumba cha anatomia kina harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, inayokata macho, na fomaldehaidi iliyomo ndani yake ilitangazwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo mwanafunzi mjamzito ana haki ya kuuliza kama chumba kina hewa ya kutosha na kama kuna njia nyingine ya kumalizia somo. Hata usiye mjamzito, angalia kama mafeni yanazunguka.

Siku ya kwanza ya anatomia, na msuli

Nitakwambia ukweli kuhusu maiti, maana ndilo swali ambalo mabinti hulinong'ona mama akishatoka. Utaogopa robo saa. Halafu utaona kucha. Wa kwetu alikuwa bibi, na kucha zake zilikuwa zimekatwa vizuri, kwa mviringo. Hapo ndipo hofu ilipoondoka na kitu kingine kikaingia. Mwalimu wetu alitaka tumsalimie kila tunapoingia. Wengine walicheka siku ya kwanza. Mwisho wa mwaka hakuna aliyeingia bila salamu. Usiende na tumbo tupu, funga nywele, na usivae lenzi za macho siku hiyo.

Kupiga msuli, yaani kusoma kwa bidii, nako kuna namna yake. Binadamu ana mifupa 206, jozi 12 za neva za kichwani, na misuli ambayo hutaimaliza. Mwaka wa kwanza nilikesha kama nilivyokuwa nakesha shule, nikasoma madesa, yale maandishi ya masomo niliyorithi kwa waliotangulia, nikakariri kurasa. Matokeo yalipobandikwa, jina langu lilikuwa upande wa sapu ya biokemia. Nililia chooni, kisha nikaenda kwa dada wa mwaka wa tatu aliyekuwa anajulikana kwa kulala saa nne kila siku na kufaulu. Akaniambia nifunge daftari. "Nieleze sukari inavyovunjwa, hapa, bila kusoma." Nikafika hatua ya tatu nikakwama. "Basi anzia hapo ulipokwama, si ukurasa wa kwanza."

Kuanzia siku ile tukawa kundi la wanne. Kila mmoja anafundisha wenzake mada moja kwa wiki, mdomo mtupu, na ubao. Unachoweza kumfundisha mwenzako unakijua. Kinachokukwamisha mbele yake ndicho cha kurudia kesho, na keshokutwa, na wiki ijayo. Kundi lisizidi watano, wa sita huwa anakuja kupiga soga. Na ulale. Niliwahi kusinzia nimeshika chuma cha kupanulia jeraha kwenye chumba cha upasuaji, na daktari bingwa alinitoa nje kwa kidole kimoja bila kusema neno.

Ukipata sapu, mwambie mtu siku hiyo hiyo. Wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, wengi niliowaona hawakushindwa na masomo, walishindwa na kuficha. Uliza kabla ya kujiunga kama chuo kina mshauri nasaha ambaye si mwalimu wako wa darasani. Hakuna anayekwenda kumlilia mtu atakayemsahihishia karatasi.

Cha kubeba

Makoti mawili, si moja, maana moja litakuwa kwenye kamba. Viatu vilivyofunika vidole, visivyopiga kelele, ambavyo umeshavitembelea mwezi mzima. Stetoskopu ya kawaida inatosha, ya bei kubwa ngoja mpaka masikio yako yajue yanasikiliza nini. Pedi za akiba kwenye mfuko wa koti, kwa sababu upasuaji unaochukua saa tano haujui tarehe zako. Saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, utahesabia mapigo. Kufuli mbili. Kalamu nyingi kuliko unavyodhani, daktari bingwa akiazima kwako moja hairudi.

Na andika jina lako ndani ya kola ya koti kwa wino usiofutika. Langu la kwanza lilipotea siku ya tatu. Nililiona wiki mbili baadaye likipita kwenye korido ya wodi ya watoto, limevaliwa na mtu wa mwaka wa tano, na sikuwa na ujasiri wa kumsimamisha.